Muulize Kwanza: Maisha ya Mkufunzi Kan Teh-shui

Wakubwa zetu wa ukoo wa Kan, walimu, majirani wa Tuku, na ninyi nyote mliovaa nyeusi mkatoka mbali asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 25 Novemba 2023, mimi naitwa Kan Yu-ching, mtoto wa pili wa marehemu, nina duka la chai na mayai ya asubuhi kule Huwei, na aliyepaswa kusimama hapa ni kaka yangu Yao-ting kwa kuwa ndiye mkubwa, lakini amenisukumia karatasi hizi akisema sauti yangu imezoea kuita oda, basi mtanivumilia nikiharakisha, na mtanivumilia zaidi nikikwama.

Baba yetu, Kan Teh-shui, alizaliwa tarehe 14 Februari 1953 hapa hapa Tuku, wilaya ya Yunlin, akiwa mtoto wa nne wa wakulima wa karanga, na siku hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya mwaka mpya wa mwezi, siku ambayo nyumba haifagiliwi isije baraka ikatupwa nje pamoja na vumbi, kwa hiyo bibi alijifungua kwenye sakafu iliyojaa maganda ya mbegu za tikiti, na mpaka anakufa alikuwa akisema kwamba mtoto aliyezaliwa siku isiyo na ufagio hatamfagia mtu nje ya nyumba. Baba alikuwa akisema bibi alikosea, na nitaeleza kwa nini alisema hivyo.

Alisoma shule ya msingi hapa Tuku, akamaliza mwaka 1965, akasoma sekondari ya chini na ya juu Huwei akienda kwa baiskeli ya babu ambayo haikuwa na breki, na mwaka 1971, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu na jeshi lilikuwa linalisha na kuvisha, akaingia chuo cha maofisa Fengshan, akahitimu mwaka 1975, akapelekwa visiwa vya Kinmen, akakaa huko miaka ya baridi na upepo hadi alipochoka kula samaki wa makopo. Tarehe 6 Januari 1980 alimwoa mama yetu, Lai Chin-luan, binti wa fundi cherehani wa Yuanchang, ambaye alimkubali kwa sharti moja tu, kwamba akiingia ndani ya nyumba avue kofia na sauti ya jeshi aiache mlangoni, na mama yuko hapa, ataniambia kama sharti lile lilitimizwa hata wiki moja. Walijaliwa watoto wawili, Yao-ting mwaka huo huo wa 1980 mwishoni, na mimi mwaka 1982, na wajukuu watatu ambao wamekaa pale mbele na wameambiwa wasiguse matunda ya madhabahuni.

Mwezi Agosti 1984 alihamishiwa kazi ya ukufunzi wa kijeshi katika shule ya sekondari ya serikali wilayani kwetu, na vijana wa leo hawajui sana kazi hiyo, lakini wa umri wangu tunaijua mpaka tumboni, yule ofisa mwenye magwanda yaliyopigwa pasi, anayesimama getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi akikagua nywele, mashati na viatu, anayefundisha gwaride, anayelala zamu bwenini, na anayewapigia wazazi simu mtoto akikosea. Baba aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Saa moja na nusu kamili alifunga geti kwa mkono wake mwenyewe, na aliyechelewa alibaki nje akihesabu mende, na baba aliona fahari juu ya hilo.

Sasa nafika mwaka 1992, na hapa baba mwenyewe aliniagiza akiwa hospitali kwamba nisiruke, maana nilitaka kuruka. Palikuwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, mkazi wa bwenini, ambaye jina lake silitaji, kijana mwenye maneno mengi, kila asubuhi akimsalimia baba getini kwa sauti kubwa kuliko wote, akisema, “Mkufunzi, leo umeamka na uso gani, wa radhi au wa adhabu?”, na baba akimjibu, “Pita kabla sijaamua.” Siku yenye usiku mrefu kuliko zote za majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, siku ambayo desturi yetu ni kula vidonge vya unga wa mchele katika mchuzi mtamu, baba alimleta nyumbani kwa kuwa kwao Beigang hakutaka kwenda, akala bakuli tatu, akanifundisha kuendesha baiskeli ya mama uani mpaka nikagonga kuku, na wakati wa kuondoka baba akamwandikia namba ya simu ya nyumbani kwenye kiganja, akamwambia, “Ukikwama, piga, usiogope saa.” Mimi nilikuwa mtoto tu, nikadhani tumepata kaka mwingine.

Mwezi Machi, wakati wa mapumziko ya mchana, baba alipita kwenye banda la baiskeli akamkuta kijana huyo ameshikana mikono na mvulana mwenzake, na si kushikana kwa mchezo, na baba akafanya lile ambalo kila mkufunzi wa nchi hii angelifanya siku zile na angesifiwa kwa kulifanya, alikwenda chumbani kwake, akafungua daftari la namba za wazazi, akampigia simu baba wa yule kijana, akamweleza kwa heshima na kwa nia njema, maana alifundishwa kwamba mzazi ana haki ya kujua. Mzazi alifika kwa pikipiki kabla ya kengele ya mwisho, akampiga mwanawe kwa helmeti pale pale getini, mbele ya shule nzima, akamkalisha nyuma ya pikipiki akaondoka naye, na kijana yule akageuka akamtazama baba, hakumlaani, hakulia, alimtazama tu kama mtu anayetaka kuuliza kitu, kisha pikipiki ikakata kona ya duka la taulo. Hakurudi shuleni tena.

Wiki moja baadaye baba alikwenda Beigang kumwombea kijana, na yule mzazi akampokea vizuri mno, akamshukuru, akampa fungu zima la vitunguu saumu vya shambani kwake, na baba akarudi navyo kwa sababu hakujua namna ya kuvikataa, vikaning'inia jikoni kwetu, mama akikatazwa kuvitumia, mpaka vikakauka vikawa maganda matupu. Alipokwenda mara ya pili akaambiwa kijana ametoroka, hajulikani alipo, na wala asiwatajie tena. Maji yakimwagika hayazoleki, sote tunajua, lakini nawaambieni nimemwona mtu akijaribu kuyazoa kwa miaka thelathini na moja.

Tangu mwaka ule baba aliishi kwa neno moja, na walimu wenzake mliomo humu najua mnalikumbuka, pengine hata lilikuwa likiwaudhi, neno lenyewe ni “Muulize kwanza”, maana mwalimu yeyote aliyekuja na habari kwamba fulani ana barua za mapenzi za msichana mwenzake, au fulani anajipaka wanja chooni, kabla hajagusa simu baba alishaweka kiganja juu yake, akisema, “Umemuuliza kama nyumbani wanajua? Hujamuuliza? Basi muulize kwanza, kuuliza si ujinga.” Mwalimu mkuu mmoja alimwambia katika kikao kwamba yeye ni ofisa wa jeshi na si yaya, naye akajibu kwamba jeshini alifundishwa kutomtoa mtu wake kwenye handaki bila kujua nje kuna nini.

Na hapo ndipo zilipoanza zile adhabu. Baba alijua kwamba saa mbaya kwa watoto hawa si saa ya masomo, ni saa ya chakula cha mchana na kulala, mwalimu akiwa hayupo, ndipo wanapoitwa “jike dume”, ndipo sanduku la chakula linapotiwa maji ya kudekia, na alijua vilevile kwamba mtoto akionekana anasaidiwa atapigwa mara mbili, kwa hiyo akawa anawaita kwa kipaza sauti cha shule nzima kwa ile sauti ya Kinmen, “Darasa la pili, kundi la tano, fulani bin fulani, chumba cha mkufunzi, sasa hivi, na ukae huko mpaka nitakapochoka kukuona”, na darasa zima likainamia masanduku yake kwa hofu, na mtoto akatoka na sanduku lake la chakula kichwa chini, akifika anafungiwa mlango, anawekewa kiti, na adhabu yenyewe ni kula polepole kisha kumenya karanga za babu. Hakuwahubiria, hakuwauliza wao ni akina nani. Aliuliza tu kama nyumbani wanajua, na kama wanataka wajue, na anayesema hapana baba hakurudia swali. Cha kuchekesha ni kwamba watoto hawa wakapata sifa ya ukorofi usio wa kawaida, wababe wa shule wakaanza kuwapisha njia, wakidhani mtu anayeadhibiwa na Mkufunzi Kan kila mchana lazima awe amefanya jambo kubwa.

Miongoni mwao alikuwamo Shih Wan-ju, ambaye leo ni muuguzi na ameniruhusu nimtaje, nimemuuliza, na siku zile alikuwa ameandikishwa kama mvulana kwa jina jingine na yeye alijijua kuwa ni msichana, na kanuni ya nywele ilikuwa bado kali, na nywele zake zilikuwa zikishuka kidogo kidogo kuelekea masikioni, basi kila Wan-ju alipokaribia geti baba alishikwa na kikohozi kikali, akageuka kutazama upande wa mitaro mpaka apite. Msaidizi wake akamwambia, “Mkufunzi, nenda hospitali, kikohozi chako kina ratiba.” Baba akamwambia, “Na wewe kohoa.” Walikohoa wote wawili mpaka Wan-ju akamaliza shule mwaka 2001.

Mwaka 2004, serikali ilipopitisha sheria ya usawa wa jinsia katika elimu, na shule zote za umma zikatakiwa kuwalinda wanafunzi hawa, wilaya ilimwita baba awafundishe wakufunzi wengine, akasimama mbele yao na hotuba yake yote ilikuwa hadithi ya simu moja ya mwaka 1992, akakaa, na wapo waliosema hakujiandaa. Alistaafu tarehe 1 Agosti 2008 kwa cheo cha luteni kanali, na kesho yake mama alidhani atalala, akamkuta amevaa koti la njano la kujitolea, na kibendera mkononi, anakwenda kuvusha watoto barabara kwenye geti lile lile, na akafanya hivyo mpaka mapafu yalipomkataza. Novemba 2018, nchi ilipopiga kura na wengi wakasema habari hizi zisifundishwe shuleni, nilimkuta jikoni anamenya karanga, nikamwambia, “Baba, mmeshindwa vibaya”, akasema, “Nimeona, niamshe kesho mapema, kuna watoto wataogopa kuingia.” Na mwezi Mei mwaka uliofuata, wawili wa zile adhabu, Hsiao Pei-jung na Ku Yi-chen, nao nimewauliza wakasema soma tena kwa sauti, walipofunga ndoa wiki ile ile ya kwanza ya sheria mpya ya ndoa za jinsia moja, baba ndiye aliyekaa meza kuu mahali pa baba wa Pei-jung, ambaye hakuja, akanywa bilauri moja, akalia waziwazi, mama akamfuta uso kwa kitambaa cha meza.

Lakini katikati ya furaha zote hizo macho yake yalikuwa mlangoni. Mimi na kaka tulimsihi miaka kumi ahamie Taichung kwa Yao-ting, nyumba ya Tuku inavuja na ngazi zake ni za mwinuko mkali, akakataa, na simu ya mezani akakataa isikatwe wala namba isibadilishwe, nikamwambia, “Baba, siku hizi anayepiga simu ya mezani ni tapeli peke yake”, akasema, “Basi nitaongea na matapeli.” Na kweli aliongea nao, kwa upole wa kuudhi.

Mwaka 2011 alipiga mmoja wa wale wanaoanza kwa kusema, “Mkufunzi, umenisahau? Hebu bahatisha mimi ni nani”, na baba, mama yuko shahidi, akahamishia simu sikio jingine, kisha akalitaja lile jina, na tapeli kwa haraka akasema ndiyo, ndiyo mimi, na baba akakaa chini sakafuni na kitu alichokiuliza ni, “Umekula?” Tapeli akasema amekula lakini amepata ajali anahitaji fedha, baba akavaa koti akaenda posta kutoa akiba yake, na binti wa dirishani akamshtukia akaita polisi, tukamkuta amekaa kwenye benchi la posta kati ya polisi wawili kama mwanafunzi wa adhabu. Nilikuwa na hasira, nikamwambia, “Hata sauti hukuitambua?” Akasema sauti ya mtu hubadilika. Nikamuuliza, “Hukujua ni tapeli?” Akasema, “Nilijua alipokubali upesi, yeye angenizungusha kwanza.” Nikasema, “Sasa posta ulifuata nini?” Baba akatazama viatu vyake akasema, “Kama kulikuwa na nafasi hata ndogo, sikutaka awe amenipigia mimi halafu nikawa ndiye niliyekata.” Nilimwacha, nikaenda kumnunulia maji.

Kikohozi kile cha uongo kilikuja kuwa cha kweli mwaka 2021, madaktari wakagundua mapafu yake yamekakamaa, akatibiwa Touliu, akarudi nyumbani na mtungi wa hewa, akalazwa tena tarehe 18 Septemba mwaka huu. Wale wa adhabu walipata habari, wakajipangia zamu, hakukaa mchana hata mmoja bila mtu kando ya kitanda anayemenya karanga ambazo yeye hakuweza tena kuzila, na wauguzi wakalalamika juu ya maganda.

Mwezi Oktoba, nilipoona anakwisha, nilimwambia, “Baba, nipe jina kamili la yule kijana na la kijiji chao, naliweka fesibuku na habari yako yote, kisiwa chenyewe hiki kidogo, kufikia kesho jioni watu watakuwa wamempata.” Akaivua barakoa ya hewa, nikamwambia airudishe, akakataa, akasema, “Umemuuliza?” Nikamwambia nitamuulizaje na ndiyo kwanza tunamtafuta. Akasema, “Huenda ana mke, ana bosi, ana wakwe, huenda hajamwambia mtu hata mmoja, mimi nilishamtangaza mara moja.” Nikamuuliza, nikiwa nalia na nimekasirika, “Kwani hutaki kumwona?” Akasema, “Namtaka kuliko hii hewa.” Kisha akanirudishia mkono wangu wenye simu, akaufunga vidole kimoja kimoja, akavaa barakoa, na tangu hapo hatukulizungumza tena.

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa moja na nusu asubuhi, saa yake ya kufunga geti, mama akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Touliu, inawasamehe na inaomba isamehewe kwa habari ya maganda, inawashukuru majirani mliotupikia tangu siku ya kwanza, hasa mama Chu wa duka la mafuta ya karanga, wakufunzi wenzake waliokuja na magwanda yao japo yamebana, na walimu wa shule ambao nasikia mpaka leo mnaambizana mumuulize kwanza. Na inawashukuru wale ambao msimamizi wetu wa shughuli, Bwana Liao, alinijia juzi akikuna kichwa kwa ajili yao, kwa kuwa anahitaji jina la kila kundi ili aliite mbele kufukiza ubani, akawauliza awaite chama gani, wakatazamana, maana wengine wamekuja na wafanyakazi wenzao, wengine na wazazi wasiojua, mpaka mmoja akasema, “Tuite Wenye Adhabu”, na Bwana Liao akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kuita wenye adhabu mbele ya jeneza. Ataita leo. Simameni mkiitwa, watu watadhani mlikuwa wakorofi.

Nimebakisha mmoja. Nilitamani kulisoma jina lake hapa, limo kichwani mwangu tangu nilipogonga kuku, lakini sijamuuliza. Kama umo humu ndani, au umesimama nje kwenye maegesho huna hakika, fahamu kwamba hutaitwa na hakuna atakayekugeukia, makundi yote yakimalizika Bwana Liao atasema “na wengine wote”, na hapo mtu huenda mbele kimya, anafukiza ubani wake, anaondoka bila kuandika jina popote. Zamu yetu ya kuchoma mwili ni saa sita, wazee walishaangalia kalenda na saa hiyo haiwezi kusogezwa, ila nimemwomba Bwana Liao, kwa kuwa baba alifunga geti mara moja vibaya, mlango wa ukumbi huu usifungwe mpaka gari litakapoondoka. Na ukishindwa leo, si neno, nyumba ya Tuku hatuiuzi, nitahamia mimi, na namba ya simu ni ile ile uliyoandikiwa kiganjani.

Baba, shusha mkono sasa, pumzika, geti nimelishika mimi na liko wazi.